Sumeya Sheikhan na Habari ya Kisima cha Ruwa

Kwa miaka kumi na minane watu wengi wa Kisauni waliianza siku yao na sauti ya Sumeya Sheikhan. Ikifika saa moja asubuhi, ukipita Mishomoroni ungeisikia ikitoka dukani, ikitoka jikoni, ikitoka kwenye tuktuk zilizosimama zikingoja abiria. Wengi hawakuijua sura yake. Siku moja alikuwa akinunua nyanya sokoni Kongowea, akauliza bei tu, na mwanamke aliyekuwa akiuza akainua kichwa ghafla. "Ndiwe wewe wa saa moja!" akasema, akazirudisha zile nyanya alizokuwa amemchagulia akamtilia nyingine nzuri zaidi.

Alizaliwa Mtongwe, upande wa Likoni, mtoto wa nne wa mzee Sheikhan na Bi Kulthum. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomea vyuma bandarini, na ile kazi ilimla macho kidogo kidogo hata akawa haoni maandishi. Basi kila alasiri Sumeya alikaa naye barazani akamsomea gazeti, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Mzee alikuwa na tabia moja iliyomchosha binti yake. Kila habari ikiisha huuliza, "Nani kasema hayo?" Ikiwa gazeti halikutaja, mzee husema, "Haya, endelea," kwa sauti ya mtu asiyeamini. Mama yake naye alisomesha watoto Kurani chuoni, na mtoto akiruka herufi moja humrudisha mwanzo wa aya. Sumeya alikulia baina ya watu wawili hao.

Aliingia Redio Fanusi akiwa na miaka ishirini na saba, kazi yake ikiwa kupokea simu na wageni. Kituo kilikuwa vyumba vinne juu ya duka la vitambaa, Bombolulu. Asubuhi moja msomaji wa habari alikauka sauti, na meneja akamwona Sumeya akiisoma taarifa peke yake kwa mnong'ono, akamwambia aketi mbele ya maikrofoni. Hakuondoka tena kwenye kiti kile. Akaolewa na Junaid, mwalimu wa hesabu Changamwe, wakapanga nyumba Mishomoroni, wakazaa mabinti wawili. Kazini alijiwekea sharti ambalo hakuna aliyemlazimisha: habari yoyote inayomtaja mtu kwa ubaya hasomi mpaka awe amezungumza na watu wawili wanaoijua.

Sharti hilo alilivunja mara moja, masika ya mwaka juzi.

Mvua zilikuwa zimenyesha wiki tatu. Vyoo vilijaa, mitaro ikafurika, na watoto wa Mishomoroni wakaanza kuharisha. Maji ya mfereji huko huja na kukatika, kwa hivyo watu wengi huteka kwenye visima vya watu binafsi. Kimoja kilikuwa cha mzee Ruwa, aliyekuwa zamani mtunza bustani wa hoteli moja ya pwani. Alipostaafu alichimba kisima uani kwake, akaweka pampu na mifereji mitatu ya bomba kando ya njia. Wanawake waliteka pale, na wenye mikokoteni walijaza mitungi yao wakaipeleka mitaani.

Wakati huo taarifa ya saa moja ilikuwa ikidhaminiwa na kampuni moja ya maji ya chupa. Kabla ya habari na baada yake ilitajwa kampuni hiyo. Hapakuwa na ubaya. Redio zote huishi hivyo.

Jumanne moja, zikiwa zimebaki dakika sita kabla ya saa moja, Lynnette aliingia studio. Lynnette ndiye aliyeshughulikia matangazo ya biashara, msichana mchapakazi aliyekuja Mombasa kutoka Nakuru. Alikuwa na karatasi moja mkononi.

"Hii iende ya kwanza," alisema. "Bosi Maxwell ameiona."

Sumeya akaisoma. Ilisema kuwa wataalamu wamethibitisha kwamba maji ya kisima cha Ruwa, Mishomoroni, yana vijidudu vya kuharisha, na kwamba wakazi wanashauriwa kunywa maji yaliyofungwa kwenye chupa.

"Wataalamu gani hawa, Lynnette?"

"Sijui, dada. Wateja wetu ndio wametuma. Lakini watoto si wanaugua kweli?"

Sumeya alimpigia afisa wa afya aliyemjua. Simu ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Huku nyuma fundi wa mitambo alikuwa ameinua vidole viwili, kumaanisha dakika mbili. Sumeya alijiambia kuwa ikiwa ni kweli na yeye akanyamaza, mtoto wa mtu atakunywa maji yale asubuhi hiyo hiyo. Upande wa pili wa jambo, wa mwenye kisima, hakuupa nafasi. Taa nyekundu ikawaka, akasoma.

Baadaye, kila alipolieleza jambo hili, hakusema kwamba alidanganywa. Alisema, "Nilihisi kitu, nikakisukuma kando."

Saa tatu ya asubuhi hiyo hapakuwa na mtu kwenye mifereji ya Ruwa. Siku ya pili vijana walikuja wakavunja mifereji yote mitatu na kukata waya wa pampu. Na jioni ile mwanamke mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa, alikuja akasimama mlangoni kwa Ruwa. Hakutukana. Alisimama tu akilia na kusema, "Mzee, mimi nilikuamini," mpaka majirani wakaja wakamchukua.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Ruwa alipanda ngazi za Redio Fanusi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na chini ya kwapa ana bahasha. Aliomba kumwona msomaji wa habari za saa moja.

"Shikamoo, mzee," Sumeya alimwambia walipoketi.

"Marahaba, mama." Ruwa akafungua bahasha akatoa karatasi yenye muhuri wa ofisi ya afya. "Hawa walikuja kupima visima vitatu wiki iliyopita. Majibu yalitoka Jumatatu. Changu ni hiki hapa."

Sumeya akasoma. Kisima cha Ruwa kilikuwa safi. Kilichokuwa na vijidudu kilikuwa kingine kabisa, mtaa wa tatu, na kilikuwa kimekwisha fungwa. Karatasi ilikuwa ya siku moja kabla ya ile taarifa.

"Sikuja kugombana," Ruwa alisema. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Uliposema wataalamu wamethibitisha, wewe ulimuuliza nani?"

Sumeya alikuwa amejiandaa kwa makelele. Kwa swali lile hakuwa amejiandaa. Alimtazama mzee, akaitazama karatasi.

"Sikumuuliza mtu," alisema.

Ruwa akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa njia ya kwenda mahali. "Basi lisemeni hilo redioni. Mimi sitaki kingine."

Maxwell, meneja wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Walioko pale walikumbuka kwamba mwaka wa ule ugonjwa wa korona, biashara zilipofungwa, hakumfukuza hata mmoja. Aliisoma karatasi ya Ruwa mara mbili, akaivua miwani.

"Tumekosea," alisema. "Hapo hatubishani. Lakini Sumeya, nikitangaza kwamba ile habari imetoka kwa mdhamini, mdhamini anaondoka kesho. Akiondoka, hapa tuko watu kumi na mmoja. Niambie nianze na nani."

"Na mzee Ruwa je?"

"Tumlete kipindi cha mchana, aongee kuhusu usafi wa visima. Nusu saa nzima. Watu wenyewe wataona ni mtu msafi."

"Hakuomba kipindi, bosi. Ameomba tuseme tulikosea."

"Ngoja ipoe kwanza."

Sumeya alirudi mezani akaandika masahihisho ya sentensi nne, akayatia kwenye taarifa ya kesho yake. Alipoingia studio asubuhi, karatasi ile haikuwemo. Akaandika tena, na Jumamosi haikuwemo. Akaandika mara ya tatu, na Jumapili haikuwemo. Jumatatu alisimama mbele ya mlango wa Maxwell kabla hajavua koti la mvua. "Ni wewe unayeitoa?" Maxwell akajibu, "Ni mimi," bila kumtazama.

Mchana ule Sumeya alimpigia Ruwa simu. Alimwambia kuwa liko baraza lililowekwa kisheria, kazi yake kusikiliza malalamiko juu ya magazeti, redio na televisheni; kwamba mtu huandika barua tu, haendi na wakili asipotaka, na pande zote mbili huitwa. Akamsomea anwani, Ruwa akaiandika.  Alikuwa amemweleza mtu jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila raia. Hata hivyo alijua kuwa amemwonyesha mtu pa kukishtakia kituo kilichomlea.

Wa kwanza kumlaumu waziwazi alikuwa Wafula, mwandishi wa habari za mtaani pale kituoni. Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, na alikuwa na kovu refu kwenye mkono alilopata akipiga picha za maandamano, siku aliponyang'anywa kamera na watu waliosema wametumwa na wakubwa. Walikaa kwenye mkahawa karibu na kituo, saa kumi alasiri, mbele yao sahani ya viazi karai vilivyokaangwa kwa unga.

"Dada, umefanya nini?" Wafula aliuliza. "Unajua hayo mabaraza yanaanzaje? Yanaanza na mzee wa kisima, mtu mzuri, kila mtu anamwonea huruma. Kesho ni mkubwa fulani, anasema habari yangu imemuumiza. Keshokutwa ninaitwa nijieleze, halafu ninaanza kuogopa kabla sijaandika. Huo ndio mwisho wa kazi yetu."

"Najua."

"Hujui. Mimi nimeonja. Waandishi wajisimamie wenyewe. Kosa la chumba cha habari limalizwe ndani ya chumba cha habari."

"Haya," Sumeya alisema. "Niliandika masahihisho mara tatu ndani ya chumba cha habari. Yalitolewa mara tatu. Sasa niambie wewe, Wafula, Ruwa aende wapi?"

Wafula alichovya kiazi kwenye ukwaju akakitafuna muda mrefu kuliko kiazi kilivyohitaji.  Kumkubalia hakumkubalia, na waliagana hivyo.

Ijumaa Sumeya alivuka feri akaenda Mtongwe kumwona mama yake. Bi Kulthum alikuwa amepindukia miaka themanini, anaketi kitandani na redio yake ndogo kando ya mto. Sumeya alimwamkia, akamweleza jambo zima toka mwanzo, hata lile la dakika sita. Mama yake alisikiliza mpaka akamaliza.

"Nalikusikia siku ile," Bi Kulthum alisema. "Nikampigia binti ya dada yangu, huyu Nadira wa huko kwenu Mishomoroni, nikamwambia asiteke tena kwa mtu yule. Na yeye akawambia wenziwe. Sikuuliza nani kasema, maana ni weye."

Sumeya aliinama. Kile alichoogopa kusikia kwa Ruwa alikisikia kwa mamake.

"Nipa simu yangu," Bi Kulthum alisema.

Akampigia Nadira. Baada ya salamu ndefu, za watoto na za miguu na za mvua, alisema, "Nadira mwanangu, lile la kisima nililokwambia, si kweli. Nalikosea. Wambie na wale uliowambia. Haya, niombea radhi kwao." Akakata simu akamrudishia Sumeya aiweke juu ya kabati, kisha akauliza kama feri ilikuwa na watu wengi.

Barua ya baraza ilifika Redio Fanusi baada ya wiki tano. Kikao kingekuwa mjini, kwenye ukumbi wa kukodi, na walioitwa ni Ruwa, meneja na msomaji. Siku mbili kabla yake, Maxwell alimwita Sumeya. Wakili wa kituo alikuwapo.

"Tunataka kitu kidogo tu," wakili alisema kwa upole. "Useme kwamba kuna mtu wa afya aliyekupigia simu kuthibitisha, na kwamba humkumbuki jina. Waandishi hulinda vyanzo vyao. Hakuna atakayekulazimisha."

"Hakuna aliyenipigia."

"Hakuna atakayejua," alisema wakili.

Sumeya alimtazama Maxwell, na Maxwell alikuwa akitazama kalenda ukutani. "Bosi," alimwambia, "kuficha jina la mtu aliyekuamini ni jambo moja. Kumzua mtu ambaye hayupo ni jambo jingine. Hilo siwezi kulisema."

"Hata kama unajua litakalokupata?" Maxwell aliuliza. Hakuuliza kwa vitisho, aliuliza kama mtu aliyechoka.

"Hata hivyo."

Asubuhi ya kikao, Sumeya akiwa anashuka ngazi, Wafula alimfuata. Alimpa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na nakala ya ile karatasi ya Jumanne. Ilikuwa imechapwa ikabaki kwenye printa, na Wafula akaihifadhi tangu siku ile. Juu yake palikuwa na nembo ya kampuni ya maji, na chini saa iliyotumwa.

"Uliiweka siku zote hizi?" Sumeya aliuliza.

"Sikubaliani na baraza lako," Wafula alisema. "Sikubaliani hata kidogo. Lakini karatasi hii ipo, na siwezi kujifanya haipo." Akapanda tena juu.

Ukumbini walikaa watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo aliyezungumza polepole. Ruwa alieleza yaliyompata kwa maneno machache. Alipofika kwa yule mwanamke aliyesimama mlangoni alisema, "Yeye hakuwa na kosa. Alisikia redioni." Wakili wa kituo akasema kuwa redio ilitimiza wajibu wake kwa umma wakati wa hatari. Kisha akaitwa Sumeya.

"Bi Sumeya, wewe ni shahidi wa upande gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeisoma," Sumeya alijibu. "Sijui huo ni upande gani."

Akatoa karatasi. Akaeleza ilivyoletwa, na nani aliyeidhamini taarifa, na jinsi alivyopiga simu mara mbili bila kujibiwa. Akaeleza kuhusu yale masahihisho matatu. Maxwell alikuwa ameketi hatua nne kutoka kwake, na Sumeya alilitaja jina lake bila kulipaka rangi, akataja pia kwamba hakuwahi kumwona akimfukuza mtu kazi.

"Ulikuwa na dakika ngapi toka ulipopewa karatasi?" mwenyekiti aliuliza.

"Sita."

"Zingetosha kuthibitisha?"

"Kuthibitisha hazingetosha," Sumeya alisema. "Kuiacha zingetosha."

Uamuzi ulitoka wiki mbili baadaye. Baraza lilisema Redio Fanusi isome masahihisho na kuomba radhi kwa siku tatu mfululizo, saa ile ile ya saa moja, habari ya kwanza. Na kwamba kuanzia siku ile lolote litokalo kwa mdhamini litangazwe kuwa tangazo, lisichanganywe na habari. Maxwell aliisoma barua mbele ya wote. Alikuwa amepanga kijana wa kipindi cha usiku ndiye ayasome masahihisho, maana sauti ya Sumeya ilikuwa na jina, na hakutaka jina hilo lichafuke.

"Nilikosea mimi," Sumeya alisema. "Nipe niyasome mimi."

Maxwell alimtazama kidogo. "Soma," akasema.

Basi Jumatano, saa moja, watu wa Kisauni walisikia sauti waliyoizoea ikisema kwamba mnamo siku fulani Redio Fanusi ilitangaza kuwa kisima cha mzee Ruwa kina vijidudu. Kwamba habari hiyo haikuwa kweli. Kwamba kisima hicho kilipimwa na kupatikana safi. Kwamba habari ilitoka kwa kampuni yenye maslahi, na haikuthibitishwa kabla ya kusomwa. "Aliyeisoma bila kuthibitisha ni mimi, Sumeya Sheikhan," alisema. "Namwomba radhi mzee Ruwa, na nawaomba radhi nyinyi mliotuamini." Kisha akavuta pumzi akasoma habari ya pili, ambayo ilikuwa ya barabara iliyofungwa kwa ukarabati Changamwe.

Alasiri alikwenda kwa Ruwa. Alimkuta amechutama akifunga mfereji mpya kwa spana.

"Naambiwa umesema," Ruwa alisema.

"Hukusikia mwenyewe?"

"Mimi siku hizi sifungui redio."

Sumeya alisimama pale, jua likimchoma utosi. Akaomba maji. Ruwa alimwangalia, kisha akafungua mfereji akasuuza kikombe cha bati mara mbili, akakijaza, akampa. Sumeya alikunywa akakimaliza, akashukuru. Wenye mikokoteni wawili waliokuwa wamesimama ng'ambo ya njia walimtambua kwa sauti. Kesho yake walirudi kuteka. Wengine walirudi mwezi uliofuata, na wako ambao hawakurudi mpaka leo, maana neno likishaingia nyumbani kwa mtu huwezi kujua limekaa chumba gani. Yule mwanamke aliyelia mlangoni alirudi. Mwanawe alikuwa amepona.

Mambo hayakuisha vizuri kwa kila mtu. Mdhamini aliondoka, kama Maxwell alivyosema. Kabla ya mwezi kuisha watu wawili waliachishwa, na mmoja wao alikuwa Lynnette. Sumeya alikwenda kumwona chumbani kwake alikopanga, akamkuta anafunga vitu kwenye masanduku ya karatasi.

"Wewe ulisoma, Max aliruhusu, mimi nilibeba karatasi tu," Lynnette alisema. "Na aliyetoka ni mimi. Sikulaumu, dada. Lakini usiniambie kwamba haki imetendeka."

Sumeya hakumwambia hivyo. Alimsaidia kufunga masanduku mpaka yakaisha. Baadaye alimtafutia kazi kwa jamaa wa Junaid mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, na Lynnette akaichukua, lakini urafiki wao wa zamani haukurudi.

Sumeya mwenyewe aliondolewa saa moja akapewa kipindi cha salamu cha alasiri. Miezi saba ikapita akisoma majina ya watu wanaosalimiana, wa Likoni kwa wa Kisauni, shangazi kwa wapwa. Nyumbani Junaid alimwuliza kama anaumia. Alisema ndiyo, anaumia, na kwamba analala usingizi. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mwezi wa nane wa kazi hiyo aliingia ofisini kwa Maxwell na ombi. Alitaka dakika kumi kila Jumatano, kipindi kiitwacho "Tulikosea", ambamo msikilizaji angepiga simu kusema ni wapi redio ilikosea wiki ile, jina, mahali, tarehe, chochote, na redio ingekwenda kuangalia na kurudi na jibu. Alitegemea kukataliwa.

"Nani atakayefuatilia?" Maxwell aliuliza.

"Mimi na Wafula."

"Wafula amekubali?"

"Bado sijamuuliza."

Maxwell alicheka, kwa mara ya kwanza baina yao tangu kikao kile. Alisema wajaribu mwezi mmoja. Na Wafula alikubali, kwa masharti, akisema heri wajisahihishe wenyewe kuliko kungoja kuitwa mjini.

Mwezi ule umekuwa mwaka. Simu nyingi ni za mambo madogo: kijiji kimewekwa kaunti isiyo yake, marehemu ametajwa kwa jina la nduguye. Sumeya huyasahihisha yote kwa uzito mmoja. Lakini majuzi ilikuja simu ya namna nyingine. Mkubwa mmoja wa utawala aliwataka waikanushe habari ya Wafula, kwamba zahanati moja ya mtaani haikuwa na dawa kwa wiki sita. Alisema habari hiyo imemwaibisha, na wasipoikanusha ataipeleka barazani.

"Si nilikwambia?" Wafula alimwambia Sumeya. "Siku ile ya viazi, si nilikwambia itakuja?"

"Ulinambia. Twende tukaangalie."

Walikwenda wote wawili. Walizungumza na wauguzi wawili na wagonjwa watano, mmoja mmoja, wakaandika majina ya waliokubali kutajwa. Wakaona rafu za dawa, tupu. Sumeya akampigia yule mkubwa, akampa nafasi ya kusema lolote, naye akasema hana la kusema. Jumatano, kwenye kipindi, Sumeya alieleza malalamiko yalivyokuja, bila kejeli, akaeleza walivyokwenda na walichokiona. Mwisho akasema, "Tumerudi kuangalia. Katika hili hatukukosea, na habari yetu inabaki kama ilivyo."

Mkubwa yule kweli alikwenda barazani. Barua imefika wiki hii, ikitaka majibu ndani ya siku kumi na nne. Maxwell aliwaitia wakili, wakasema hawamhitaji bado. Walikaa wao wawili tangu asubuhi, Wafula akiandika, Sumeya akimsomea kwa sauti kila alichoandika na kumrudisha kila alipoandika kwa hasira.

"Na bado silikubali baraza hilo," Wafula alisema wakiwa kwenye ukurasa wa pili.

"Najua," Sumeya alisema. "Hapa umesema wagonjwa sita. Walikuwa watano."

Wafula akafuta, akaandika watano. Saa nane na nusu jibu lilikuwa tayari, pamoja na picha za rafu na majina ya wasemaji. Waliweka saini zote mbili wakalitia kwenye bahasha. Wafula alichukua kofia yake akaenda nayo posta mwenyewe, na Sumeya akanywa maji, akaingia studio kusoma salamu.